Jamala, Nchi Isiyo na Chumba Kitupu

Msiniulize Jamala iko upande gani wa dunia. Anayeijua njia hunyamaza, na hao wanaoichora ramani hawajawahi kufika. Ninachokijua mimi ni kwamba Kidawa binti Haji alikwenda, na kwamba safari yenyewe haina la kusimulia. Jua, vumbi na miguu kuuma, hayo kila msafiri anayo kwao. Tuanzie mlangoni.

Alikwenda kumtafuta dada yake. Shemsa alikuwa fundi wa nguo, na aliondoka nyumbani zamani baada ya kusikia kwamba Jamala inafunguliwa, na kwamba wanagawa vyumba vya biashara kwa kila mwenye ufundi wake. Salamu zilikuja mwanzoni, zikapungua, zikakatika. Mama yao, Bi Nuru, ambaye macho yalikuwa yameshaanza kumkimbia, alimwita Kidawa akamkalisha chini, akamwambia maneno ambayo binti aliyabeba njia nzima kwa uangalifu kuliko alivyobeba chakula.

"Usiniletee salamu," alisema. "Salamu nimechoka nazo. Niletee mtu, au niletee habari ya kaburi. Siwezi kumkalia matanga aliye hai, wala siwezi kumngoja maiti."

Basi Jamala ni nchi yenye paa. Barabara zake ni korido, nyumba zake ni maduka, na jua lake ni taa ndefu nyeupe ambazo hazizimwi. Wazee walioijenga waliiweka nje kabisa ya mji, porini, kwa hesabu kwamba mji utakua mpaka uifikie. Mji ukakua kweli, watu wangu, lakini ukaelekea upande mwingine. Jamala ikabaki na vioo vyake, ngazi zake za umeme, na uwanja wa kuegesha magari ambao nyasi zimeota katikati ya mistari. Kwenye dari kuna vipaza sauti, na humo hupigwa muziki mmoja mwororo wa kukaribisha wateja, unaoisha na kuanza tena kabla hujajua kama uliisha.

Kidawa alipokelewa na mzee mmoja msafi, koti lake limepigwa pasi mpaka viwiko vinang'aa. Alijitambulisha kuwa ni Bwana Sururu, Mhifadhi wa Historia. Cheo hicho, alieleza, ndicho kikubwa kuliko vyote Jamala, kwa kuwa Meneja hajaonekana siku nyingi na hakuna aliyepewa ruhusa ya kusema kwamba hayupo. Kisha akamkaribisha Kidawa katika mwaka wa kwanza. Alipoona mgeni ameduwaa, akafafanua kwa upole kwamba nchi yao ilifunguliwa kwa kukatwa utepe, na kila siku hiyo inaporudi utepe huo hushonwa, hutundikwa, na kukatwa upya. Kwa hiyo mwaka wa pili haujawahi kufika. Nchi changa, alisema, haina makosa ya kuulizwa.

Akamtembeza. Ndiyo desturi: mgeni hapewi maji kabla hajasikia historia. Wapangaji walioingia siku ya ufunguzi, alisema Bwana Sururu, ndio waliopo mpaka leo, na hakuna hata mmoja aliyetoka. Hiyo ndiyo historia yote. Ni fupi, naye alijivunia ufupi wake, kama mtu anayejivunia mtoto asiyelia.

Walipofika kwenye duka la mikate, Kidawa aliona jina juu ya mlango: Mzee Kombo, Mwokaji. Mlangoni alisimama mwanamume mwembamba, hata ndevu hazijamjaa, mikono yake myeupe kwa unga mpaka viwikoni. Ndani hapakuwa na tanuri wala harufu ya mkate. Palikuwa na meza, bisibisi, na simu zilizopasuliwa matumbo. Kidawa akauliza kama huyu ni mtoto wa Mzee Kombo. Yule mtu akakohoa kwanza, kikohozi kizito cha kizee, kisha akajibu kwamba yeye ndiye Mzee Kombo, na kwamba mgongo umekuwa ukimsumbua tangu baridi hii ianze.

Hapakuwa na baridi. Kidawa alitokwa jasho.

Hapo ndipo alipofahamishwa sheria kuu ya Jamala. Jina ni la chumba. Mtu huja akaliazima tu. Mwokaji wa kwanza alipochoka (na neno lao ni hilo, kuchoka, kuna maneno mengine mawili matatu ambayo kwao hayatamkwi), chumba kilichukuliwa na muuza viatu, naye akauza viatu akiwa amejipaka unga. Baada yake akaja kinyozi, akanyoa vichwa vya watu kwa mikono ya unga. Sasa ni fundi simu. Unga wenyewe uliisha zamani, siku hizi wanatumia chokaa. Na kila anayeingia hukaa na anayechoka mpaka amjue mzima mzima: mwendo wake, chakula chake, hasira zake, hata kikohozi. Yule mwembamba alikuwa anakohoa kikohozi cha mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Haya, wewe cheka. Kidawa hakucheka. Aliangalia korido na kuona wanawake wanapita na mifuko iliyotuna, wanasimama kwenye vioo, wanaonyesheana vitu kwa vidole. Akafurahi kidogo kuona kumbe wateja wapo. Bwana Sururu akamweleza kwamba hao ni wateja wa zamu. Kila mpangaji, siku yake ikifika, hufunga duka na kuzunguka na mfuko kwa wenzake, ili pasiwe na mlango usioingiwa. Kidawa akamtazama mmoja aliyepita karibu. Mfuko ulikuwa umejazwa magazeti yaliyofinyangwa, na mdomo wa yule mama ulitabasamu tangu alipotokea mpaka alipokunja kona.

Lakini kilichomleta kilikuwa kimoja. Akauliza chumba cha Shemsa, fundi wa nguo. Bwana Sururu akafurahi kweli kweli. Akasema yupo, mzima wa afya, na hajawahi kukosa hata siku moja kukifungua.

Jamani, furaha ya Kidawa wakati ule siwezi kuieleza. Alikimbia. Aliliona jina la dada yake limeandikwa kwa rangi ya samawati, akasikia cherehani inalia, akaingia bila hodi. Mwanamke aliyeketi kwenye cherehani akainua kichwa, akaweka mkono kifuani, na machozi yakamlengalenga.

"Kidawa," alisema. "Mdogo wangu. Umekuja."

Hakuwa Shemsa.

Alikuwa mfupi kuliko Shemsa, mweusi zaidi, uso wa mviringo, mtu ambaye Kidawa hakuwahi kumtia machoni. Lakini aliinuka akamkumbatia kwa namna ya Shemsa, akiweka kidevu juu ya bega na kulitingisha. Akamuuliza kama mama bado anakataa kunywa chai isiyo na tangawizi. Akamshika mkono wa kulia, akapandisha mkono wa gauni, akaligusa lile kovu la uji wa moto, akacheka kidogo. Akasema, si unakumbuka, ulimwaga wewe sufuria na bakora nikala mimi. Siri hiyo hakuna aliyeijua duniani ila watu wawili.

Kidawa akajitoa mikononi mwake, akamuuliza yeye ni nani. Mwanamke akasema ni Shemsa, akarudi kwenye kazi yake. Alichukua mkasi kwa mkono wa kushoto, maana Shemsa alikuwa mashoto, akaanza kukata kitambaa. Hapo Kidawa akaona. Mkasi ulikuwa unamwendea kombo. Kitambaa kilikatika mapande mapande, na vidole vya mkono wake wa kulia, ule ulioshikilia, vilikuwa vimejaa makovu ya kujikata, mapya juu ya ya zamani. Huyu hakuzaliwa mashoto. Alikuwa amekaa siku zote hizo akijikata vidole ili mkono wa mtu mwingine usikose mahali pa kufanyia kazi.

Kidawa akakaa juu ya kigoda, akamsihi kwa upole. Alimwambia juu ya mama, na macho yake, na maneno aliyotumwa. Akamwambia hataki ugomvi na mtu, anataka kujua jambo moja tu, kama dada yake amekufa na amelala wapi. Yule mwanamke alikata kitambaa mpaka mwisho wa meza bila kuinua macho. Mlangoni, Bwana Sururu alikuwa amesimama na tabasamu lake. Mwanamke akasema kwamba hajambo, na kwamba mgeni ampelekee mama salamu nyingi.

Salamu tena. Kidawa alilia kwa hasira, akadai kuonana na wakubwa.

Baraza la Korido Kuu hukutana chini ya ngazi za umeme, zile zilizosimama. Siku ile Kidawa aliposimamishwa mbele yao, wajumbe walikuwa bado hawajamaliza hoja iliyowakalisha tangu ngazi zilipozima: je, zimesimama au zinapumzika? Wakaiahirisha kwa heshima ya mgeni. Akauliza swali lake, na kwanza wakajadiliana kama swali hilo linaweza kuulizwa.

Kuna vyama viwili Jamala, na vinachukiana sana. Kimoja husema hakuna mpangaji aliyewahi kuondoka. Kingine husema walioondoka hawakuwahi kuwapo. Wamegombana juu ya hilo mpaka wamevunjiana viti, na mtu akiwatazama kwa mbali anaweza kudhani kuna mmoja kati yao anayesema kweli. Wa chama cha kwanza walimwambia Kidawa kwamba chumba kina mtu, mtu ana jina, jina ni Shemsa, basi pengo liko wapi. Wa chama cha pili wakamwuliza kama ana hakika aliwahi kuwa na dada.

Kidawa alikuwa na ulimi, hakuwa mtu wa kumezwa. Aliwauliza, ikiwa hakuna anayekufa nchini kwao, mbona wanaogopa neno. Aliwauliza wamekatiwa utepe mara ngapi, na kama utepe huo una nafasi nyingine ya kushonwa. Watu waliokuwa wamesimama nyuma na mifuko yao ya magazeti wakaanza kutazama chini. Bwana Sururu akainuka, akanyoosha koti, na kuzungumza naye kama baba na mwanawe.

"Binti yangu, sisi si watu wabaya," alisema. "Mlango mmoja ukifungwa na ukaandikwa umefungwa, wa jirani hufungwa kesho. Tulianza hivyo. Tuliona. Mama yako anataka mtoto, na mtoto yupo, anamkumbuka mpaka chai yake. Huyo kipofu atapoteza nini?"

Na hapo, nisimfiche Kidawa, alisita. Alimfikiria mama yake akishikwa mkono, akitingishwa bega, akisikia habari ya sufuria ya uji. Alifikiria jinsi nyumba ingejaa kicheko. Angeweza kumwomba yule mwanamke, waongozane, na mama angekufa na raha yake. Aliona haya kwa kuwaza hivyo, lakini aliwaza.

Bwana Sururu alimwona anasita. Akaongeza kwamba kama huyu hamridhishi, sheria inaruhusu njia nyingine iliyo bora zaidi. Damu ni damu. Chumba kingefurahi kukaliwa na mdogo mtu, ambaye hata kufundishwa hahitaji. Alisema hayo kwa ukarimu mkubwa. Mjumbe mmoja alikuwa ameshakuja na futi ya kupimia nguo ya Shemsa, ameikunjua, ameishika kwa mikono miwili, tayari kumvika shingoni. Kidawa akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ngazi.

Sauti ikatoka kwenye watu. Haikuwa kubwa.

"Amekufa."

Watu wakapisha njia, na yule mwanamke wa cherehani akaja mbele. Hakumtazama Bwana Sururu, alimtazama Kidawa.

"Dada yako amekufa," alisema. "Aliugua kifua. Nilikuja hapa sina pa kulala, akanipokea, nikamuuguza, akanisimulia yote kidogo kidogo, wewe na kovu na mama. Wao walisema ananifundisha. Mimi nilidhani anazungumza tu, kwa upweke. Alipokata roho nilimwosha mimi, kwa maji ya bomba la choo cha wateja, maana mengine hayakuwapo. Nikamkafini kwa marikani nyeupe aliyokuwa ameiweka kwa sare za shule. Amelala nyuma, malori yalipokuwa yakishushia mizigo. Nimemlaza kwa ubavu wa kulia, kama inavyotakiwa. Mimi naitwa Mwantumu."

Alipolitaja jina lake sauti ilikwama, kama mtu anayefungua kabati lililojaa kutu. Na muziki wa dari ukawa peke yake. Fundi simu, yule wa mikono ya chokaa, alifungua mdomo, akataka kukohoa, kikohozi hakikutoka. Akaanza kulia. Mwanamke mmoja wa zamu akaangusha mfuko, magazeti yakatawanyika sakafuni, naye hakuyaokota.

Bwana Sururu hakukasirika. Ndicho kitu kilichomtisha Kidawa kuliko vyote. Alitoa kitambaa, akajifuta uso, akaeleza kwa mgeni kwamba sheria kwa jambo hili ni nyepesi: anayetaja pengo ndiye pengo. Baada ya hapo hakuna aliyemtazama Mwantumu tena. Hawakumgusa, hawakumfukuza. Waliacha tu kumwona. Mjumbe alipita mbele yake akamkanyaga mguu, akaendelea na safari yake. Mwenye kufagia magazeti alifagia mpaka miguuni pake, na miguu yake akaifagia pamoja nayo. Kisha nyuso zote zikageuka, zile za machozi na zile za tabasamu, zikamwelekea Kidawa, kwa kuwa sasa kulikuwa na chumba kisicho na mtu, na jambo hilo halijawahi kutokea Jamala.

Futi ilikuwa bado imekunjuliwa.

Kidawa alikimbia. Alipita maduka ya viatu yasiyo na viatu na duka la picha ambamo watu wawili walikuwa wakipigana picha kwa kamera isiyo na kitu ndani, akatokea nyuma, kwenye uwanja wa malori. Akaliona kaburi. Lilikuwa limepangwa mawe vizuri, na kichwani pamesimikwa ubao wa kukatia nguo, hauna maandishi. Akapiga magoti, akasoma Fatiha, akalia kile kilio alichokuwa amekiahirisha kwa miaka. Akasikia miguu inakuja kutoka ndani, mingi, ya taratibu, inakwenda sawa na muziki. Akasimama.

Mwantumu alikuwa amefika mlango wa nyuma. Alisimama pale, mikono imening'inia, kama hajui tena aanze kuutumia upi. Alinyanyua mmoja. Kidawa naye akanyanyua wake, akageuka, akakimbia bila kuangalia nyuma mpaka paa la Jamala lilipotoweka.

Nimesema safari haina la kusimulia, na ya kurudi ni hivyo hivyo. Nitasema tu kwamba alitembea akiwa mwepesi. Huzuni alikuwa nayo, lakini aliibeba kwa fahari kidogo, kwa kuwa alikuwa ametumwa ukweli na ukweli anao. Hakukubali kumletea mama mtu wa uongo. Alipoingia uani mama yake alikuwa amekaa mkekani, akazitambua hatua, akaunyoosha mkono, na mkono ukapapasa kwanza nyuma ya Kidawa, kutafuta kama kuna wa pili.

Kidawa akamwambia. Hakuzunguka. Alisema Shemsa amefariki, kwa ugonjwa wa kifua, amezikwa, kaburi ameliona na kulisomea Fatiha mwenyewe. Bi Nuru hakupiga ukelele. Alijifunika kanga usoni, akakaa hivyo muda, mabega yakicheza. Majirani waliosikia wakaanza kuingia, mmoja mmoja, wakivua viatu. Mmoja alishakwenda kutafuta mikeka zaidi.

Kisha mama akateremsha kanga.

"Alioshwa?"

"Alioshwa, mama. Na sanda nzuri, marikani nyeupe. Kalazwa kwa ubavu wa kulia."

"Alhamdulillahi. Nani alimwosha?"

Kidawa akaeleza habari za Mwantumu, tangu mwanzo, alivyomuuguza Shemsa, alivyojikata vidole, alivyosimama mbele ya Baraza zima akasema ambalo hakuna anayelisema, na walivyoacha kumwona. Alieleza vizuri, kwa moyo wa shukrani, na wanawake wakaguna kwa kusikitika. Bi Nuru alisikiliza mpaka mwisho, uso umeelekea mahali mwanawe alipo.

"Yuko wapi sasa?"

"Kule."

"Kule wapi?"

"Nimemwacha kule, mama. Walikuwa wananifuata."

Yule aliyekwenda kuleta mikeka alirudi nayo mabegani, akaona nyuso za wenzake, akaiteremsha taratibu bila kuitandika.

"Mtu aliyemwosha mwanangu," alisema Bi Nuru, "umemwacha kwa watu wasiomwona."

Kidawa alihisi haya ikimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni, maana njia nzima, na ilikuwa ndefu, jambo hilo halikuwa limemjia hata mara moja. Alitafuta la kusema na kukuta yote yanafanana na yale ya Bwana Sururu.

Mama akaifungua kanga nyeusi aliyokuwa ameshaifunga kiunoni, akaikunja mara mbili, akaiweka pembeni ya mkeka. Akawaomba majirani radhi, akawaambia wakapumzike majumbani mwao, matanga bado. Akamwita mmoja amfungie Kidawa chakula cha njiani. Kidawa alikuwa bado amesimama, viatu hajavua.